Dola 250 za mashini: mambo ya kuangalia mbele ya kulipa



Juma iliyopita mdogo wangu, ambaye anaingia L1, alinitumia picha ya mashini moja kutoka Nyawera, hapa Bukavu. Chini ya picha aliandika: «Yaya, ni i7, RAM 4, disque 500. Banasema imetoka Ulaya. Dola 250. Nilipe?» Mwenye kuuzisha alimwambia kuna mtu mwingine anakuja kuichukua saa tisa. Ilikuwa saa nane.

Nilimjibu neno moja: «Ngoja.» Kisha nikamupigia simu, tukaongea karibu saa nzima. Haya ninayoandika hapa njo yale nilimwambia, juu najua wengi kati yenu mko katika hali ile ile: makuta ni ya likelemba ya mama, na zamu ya mama haitarudi kesho.

Mimi si fundi. Nilisoma agronomie. Kompyuta ni kitu ninachopenda tu. Jioni nikitoka kazini ninafungua mashini za majirani na tournevis yangu ndogo. Lakini kupenda huko kulianzia kwa hasara.

Mwaka wa mémoire yangu nilinunua mashini ya occasion kwa dola 280. Mama aliuzisha nguruwe wawili juu ya ile mashini. Ilikuwa na kibandiko cha «i7» na mimi nilitembea nayo kichwa juu. Nilikuwa na majaribio ya maharagwe kule Kabare: aina 4, vipimo 3 vya mbolea ya ng'ombe, marudio 3, yaani viwanja 36. Zilipobaki juma mbili nirudishe kazi, mashini ikaanza kulia ndani: ta, ta, ta. Sikujali. Asubuhi ya tatu skrini ikabaki nyeusi na maneno machache meupe. Fundi aliisikiliza kama daktari, akasema: «Diski imekufa.»

Namba za shambani niliziokoa, juu zilikuwa kwenye daftari. Lakini picha, hesabu zote na sura ya tatu vilienda. Nilitetea mémoire session ya pili, wakati wenzangu walikuwa wamekwisha kuanza kutafuta kazi.

Mwenye kuuzisha alikosea, ni kweli. Lakini na mimi nilimuuliza kitu kimoja tu: «Ni i ngapi?»

1. ANZA NA KAZI

Mkulima hachagui mbegu mbele ya kuangalia udongo. Fanya vile vile. Chukua karatasi, andika kazi tatu ambazo mashini itafanya kila juma. Kuandika na kusoma PDF? Hesabu za takwimu? Ramani? Montage ya video? Michoro ya majengo?

Kwa kuandika, Excel na intaneti, mashini ya kawaida inatosha. Kwa ramani mambo yanabadilika. Picha moja ya setilaiti ya Sentinel-2, ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure, inafunika eneo la kilometa karibu 110 kwa 110 na inakaribia gigabaiti 1. Ukifungua mbili au tatu pamoja kwenye RAM ya 4, utaenda kuteka maji na kurudi, haijamaliza. Kwa video na michoro ya 3D, hapo njo unaanza kuuliza habari ya karte ya grafiki. Kama hizo kazi hazimo kwenye karatasi yako, usilipe makuta juu yake.

2. «i7» PEKE YAKE HAISEMI KITU

Kibandiko kinaonyesha ngazi, hakionyeshi umri. Umri uko kwenye namba inayofuata. Mashini yangu ilikuwa i7-2620M. Ile 2 ya mwanzo ni kizazi cha pili: Intel waliitoa mwaka 2011, na iko na viini 2 vya kufanyia kazi. Sasa angalia i5-8250U. Ile 8 ni kizazi cha nane, ya mwaka 2017, na iko na viini 4. Hiyo «i5» ndogo inaipita «i7» yangu mbali, tena inakula umeme kidogo. Ikiwa namba iko na tarakimu tano, kama i5-10210U, soma mbili za mwanzo: kizazi cha kumi.

Kuona namba hiyo ni rahisi: fungula «Ce PC», bonyeza upande wa kuume, kisha «Propriétés». Usisome kibandiko, soma fasi hiyo. Kibandiko kinaweza kubandikwa na mtu yeyote.

Kizazi cha nane kiko na maana nyingine. Windows 11 inaomba, kwa Intel, prosesa kuanzia kizazi hicho, pamoja na ulinzi unaoitwa TPM 2.0. Na Windows 10 ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashini ya zamani haizimiki juu ya hiyo, itaendelea kutembea, lakini milango ya virusi inayogunduliwa nyuma ya tarehe hiyo haifungwi tena vile ilivyokuwa. Mtu akikuuzishia kizazi cha tano au sita, bei ishuke, na wewe ujue mapema utaweka programu gani ndani (nitafika hapo).

3. RAM NA DISKI NJO MWENDO

Watu wengi wanasema «mashini yangu ni nzito» na wanafikiri ni prosesa. Mara nyingi ni diski. Diski ya zamani, HDD, iko na sahani inayozunguka ndani, mara 5400 kwa dakika, na kisindano kinachotafuta data juu yake. Inasoma karibu megabaiti 100 kwa sekunde mambo yakiwa mazuri. SSD haina kitu kinachozunguka. Ile ya kawaida ya SATA inafika karibu 500. Tena HDD inaogopa kuanguka na kutikiswa. Fikiria ile yangu kwenye begi, juu ya moto, barabara ya Kabare, kila juma.

Kwa hiyo, katikati ya HDD ya 500 na SSD ya 256, chukua SSD, ata kama namba ni ndogo. Na RAM, mimi ninasema 8. Kama ni 4, uliza: inaongezeka? Mashini nyingi nyembamba ziko na RAM iliyochomelewa kwenye karte mama. Huwezi kuongeza kitu. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, kama ThinkPad T480, Latitude 5490 ao EliteBook 840 G5, ziko na nafasi mbili za RAM, na diski inabadilishwa na tournevis. Si nzuri kwa macho, lakini zinatengenezeka hapa kwetu.

Kama diski ni ya zamani, ujue afya yake. Weka CrystalDiskInfo kwenye klé yako ya USB, uifungue kwenye mashini ya mwenye kuuzisha. Rangi ya bluu ni salama, manjano ni hatari, nyekundu ni kuaga. Inaonyesha pia saa ambazo diski imekwisha kufanya kazi. Ningalijua hilo mwaka ule, ningalirudi nyumbani na dola za mama.

4. BETRI NA COURANT

Hapa kwetu betri si kitu cha nyongeza. Courant inakatika katikati ya sentensi. Ndiyo maana mwanafunzi asinunue kompyuta ya mezani juu tu ya bei yake: pamoja na skrini yake inaweza kula wati 100, na ikikatika, imekatika. Laptop ya kuandikia inakula karibu wati 10 mpaka 20, na panneau ndogo ya sola pamoja na betri nzuri inaweza kuibeba.

Mwenye kuuzisha atakwambia «betri inashika saa nne». Usibishane naye. Fungua «Invite de commandes», andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili ambayo mashini itakutajia. Humo kuna namba mbili: uwezo wa betri ilipokuwa mpya, na uwezo wake wa leo. Ikiwa ilikuwa 50 na leo ni 20, hiyo betri iko na asilimia 40. Ikiwa kazi yako inakula wati 12, hesabu mwenyewe: 20 kwa 12, haifiki saa mbili. Hapo mnaanza kuongea bei kwa namba.

5. MAMBO MADOGO YANAYOLIZA WATU

Kibodi: sisi tulizoea AZERTY. Mashini nyingi za Dubai ao Uingereza ni QWERTY. Unaweza kuigeuza ndani ya programu, lakini herufi zilizochorwa zinabaki zile zile, na «é» utaitafuta sana.

Kufuli: mashini zilizotoka kwenye maofisi wakati mwingine ziko na neno la siri la BIOS ambalo mwenye kuuzisha mwenyewe hajui. Iwashe upya mbele yake, jaribu kuingia kwenye BIOS. Ikiomba neno la siri na hakuna anayelijua, rudisha makuta yako mfukoni.

Jaribio la mwisho: chukua klé ya gigabaiti 8, weka Linux Mint juu yake kwa programu ya Rufus, uiwashe mashini kutoka kwenye klé. Haibadilishi kitu ndani yake. Dakika kumi zinatosha kujaribu Wi-Fi, sauti, kamera, kila kidude cha kibodi na kila tundu la USB. Mwenye kuuzisha ambaye hana kitu cha kuficha atakuachia.

6. PROGRAMU: HAUHITAJI KUIBA

Tuambiane ukweli. Karibu sisi wote tulianza na programu za «crack». Angalia vile inavyofanyika: wanakuomba kwanza uzime antivirus, kisha ufungue faili ya mtu ambaye humjui. Yaani unafungua mlango usiku na unamwambia mlinzi akalale. Kisha unashangaa klé yako imejaa raccourcis na mafaili yamepotea.

Na kazi zetu nyingi ziko na njia ya bure na halali. Kwa kuandika, LibreOffice. Inafungua mafaili ya Word, ingawa meza na marges zinaweza kusogea kidogo. Kwa hiyo kwa directeur peleka PDF. Kwa ramani, QGIS. Kwa takwimu, R, ambayo ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kule New Zealand na leo inatumiwa dunia nzima. Sisi wa agronomie tuko ata na kifurushi chetu, agricolae, kinachofanya Tukey na LSD kwa mstari mmoja. Kwa kukusanya data shambani, KoboToolbox inatembea kwenye simu bila intaneti, kisha unatuma ukifika mjini.

Na ile mashini ya kizazi cha tano ambayo Windows 11 inakataa? Linux Mint ya Xfce inatembea vizuri na RAM ya 4, na inaendelea kupata matengenezo ya usalama. Lakini jiulize kwanza: kuna programu ya lazima kwenye kazi yako inayotaka Windows tu? Kama ni ndiyo, baki na Windows. Usihame juu ya sifa.

7. KOPI

Mashini yoyote itakufa siku moja, ata mpya. Mémoire yako iwe fasi tatu: kwenye mashini, kwenye klé ao diski nyingine inayolala nyumba tofauti, na kwenye intaneti. Google inatoa gigabaiti 15 bure, na mémoire nzima bila picha haifiki ata megabaiti 25 ambazo Gmail inakubali kwa barua moja. Jitumie mwenyewe kila Ijumaa.

Sasa turudi Nyawera. Mdogo wangu aliomba kufungua ripoti ya betri. Mwenye kuuzisha akakasirika, akasema wateja wake wa kweli hawafanyi vile. Akatoka. Saa tisa ilipita, na kesho yake ile mashini ilikuwa bado pale pale kwenye vitrine.

Siku tatu nyuma alipata nyingine, kwa kijana mmoja ambaye mwenyewe alimwonyesha fasi ya kuangalia: i5 ya kizazi cha nane, RAM 8, SSD 256, betri asilimia 78. Dola 240. Ni QWERTY, na kila jioni ananiandikia akilalamika juu ya «é».

Kama uko na mdogo ambaye anaanza L1 mwaka huu, mtumie maandishi haya mbele hajatoka na makuta. Na kama uko katikati ya mémoire, usiende mbali: jitumie kopi yako leo, courant ikingali pale. Wenye maswali, andikeni hapa chini. Nitajibu nikitoka shambani.