Jino Lililotoboka: Je, Lazima Ling'olewe?

Ndugu musomaji, ni siku gani unapokuja kuonyesha jino lako kwa munganga? Je, ni siku unapoona kitundu kidogo cheusi katika gego lako, ao ni siku ile usingizi umepotea, shavu limevimba, na watu wote wa nyumba wamekesha pamoja nawe? Watumishi wa lopitali wanajua jibu. Watu wengi wanangojea. Wanatia karafuu katika kitundu, wanatia tumbako, wengine wanatia hata maji makali ya betri, na maumivu yakitulia kidogo wanarudi shambani. Kisha wanafika usiku, na neno la kwanza wanalosema ni hili: “Munganga, ulitoe tu.”

Hatuwalaumu. Katika lopitali nyingi za vijiji koleo ilikuwa ndiyo dawa ya pekee ya jino. Mutu akijua kwamba atakutana na koleo tu, kwa nini aharakishe? Lakini leo tunataka kukueleza habari ya matunzo mengine, yasiyohitaji mashini wala umeme. Nayo hayakutoka mbali. Yalianza kati ya watu wanaosema Kiswahili kama sisi, ng'ambo ya ziwa Tanganyika.

Kwanza inafaa ujue ni kitu gani kinachotoboa jino. Wazee wetu walisema kwamba mududu anakula jino. Si wazee wetu tu. Watu wa Babeli ya zamani waliandika vile juu ya vibao vya udongo, na Wazungu walisadiki vile kwa miaka mingi sana. Mwaka 1728 munganga wa meno Mufaransa, Pierre Fauchard, alitoa kitabu kikubwa cha kazi yake, akasema kwamba alimutafuta mududu huyu asimuone. Miaka 162 ikapita. Mwaka 1890 Willoughby Miller, Mumarekani aliyefundisha katika muji wa Berlin, alieleza jambo lenyewe: kinywani mwa kila mutu mna mikrobe, vitu vyenye uhai ambavyo macho hayavioni. Sisi tunakula bugali, chai ya sukari na bombo; mikrobe nazo zinakula mabaki yanayonata juu ya meno, na kuyageuza kuwa ukali kama wa siki. Ukali ule unayeyusha jino kidogo kidogo, kama maji yanavyokula kingo za muto.

Lakini sukari inafanya ubaya gani, na kwa namna gani? Hapa ndipo kazi ya watafiti inapoanza, na labda neno hili “utafiti” ni geni kwako. Kumbuka habari ya Danieli katika nyumba ya mufalme wa Babeli. Hakubishana na mulinzi wake kwa maneno mengi. Aliomba yeye na wenzake watatu wapewe mboga na maji kwa siku 10, kisha nyuso zao zilinganishwe na nyuso za vijana waliokula chakula cha mufalme. Watafiti wanafanya vilevile hata leo. Kundi hili linapata hiki, kundi lile linapata kile, na siku zilizopangwa zikiisha wanatazama na kuhesabu bila upendeleo.

Katika inchi ya Sweden, tangu mwaka 1945, walifanya jaribio kama hili katika lopitali ya Vipeholm, katika muji wa Lund. Waliangalia meno ya watu 436 kwa miaka 5. Wengine walikula sukari wakati wa chakula tu. Wengine walipewa bombo zenye kunata, wakazitafuna kati ya chakula na chakula. Wale wa kwanza hawakuharibika meno zaidi sana, lakini wale wa bombo meno yao yalioza upesi. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1954. Tangu pale tunajua kwamba si wingi wa sukari tu unaotoboa jino. Tazama pia sukari inaingia kinywani mara ngapi kwa siku, na inakaa pale muda gani. Mutoto anayepewa bombo moja saa hii na nyingine saa ile, kutwa nzima, anaumia kuliko yule anayekula tatu pamoja kisha bugali na kunywa maji.

Kuna neno la huzuni katika habari hiyo, wala halifai kufichwa. Danieli aliomba mwenyewe kujaribiwa. Wagonjwa wa Vipeholm walikuwa watu wenye ulemavu wa akili waliowekwa mahali pale. Hawakuulizwa, na meno yao yaliharibiwa kwa makusudi. Siku hizi kanuni za utafiti zinakataza jambo kama hilo. Mugonjwa lazima aelezwe, naye ana ruhusa ya kukataa, na akikataa matunzo yake hayapungui. Basi mutafiti akija kwako na karatasi ya kutia sahihi, usione haya kumuuliza maswali. Na ukimunyima mutoto wako bombo kabla ya kulala, ujue kwamba watu walilipa maarifa hayo kwa meno yao wenyewe.

Sasa tuvuke ziwa. Mwaka 1979 wanafunzi walianza kufundishwa kazi ya unganga wa meno katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Muhimbili. Katika miaka ya katikati ya 1980, mwalimu Muholanzi, Jo Frencken, na wenzake wa chuo kile walitafuta njia ya kupeleka matunzo ya meno vijijini. Shida waliyokutana nayo unaijua wewe pia. Mashini ya kutoboa na kusafisha jino inataka umeme, inataka maji na hewa yenye nguvu, na ikiharibika inataka fundi na kipande kinachotoka ng'ambo. Kijiji hakina vitu hivi. Kwa hiyo munganga aliyejifunza miaka mingi kuziba meno anafika kijijini, na anachoweza kufanya ni kung'oa tu.

Wakajiuliza: je, tukiiacha mashini? Sehemu ya jino iliyooza ni laini, kama muhogo uliooza ndani ya ganda. Mukono unaweza kuikwangua kwa kijiko kidogo cha chuma chenye makali. Sehemu nzima ni ngumu, nayo inaachwa kama ilivyo. Mashini haichagui vizuri hivyo. Inakata na kizima pamoja na kibovu. Mukono unasikia tofauti. Namna hii ya kazi baadaye ilipewa jina la herufi tatu, ART, na maana yake ni kutengeneza jino bila kulitesa.

Walihitaji pia kitu cha kuzibia. Mwanzoni walitumia saruji nyingine ya meno, kisha wakashika ile inayoitwa glasi ionoma. Hiyo ilivumbuliwa London na Alan Wilson na Brian Kent, ambao walieleza habari zake kwa wanganga wa meno mwaka 1972. Ni unga wa kioo unaochanganywa na maji yenye ukali kidogo. Inashikamana na jino lenyewe, na inatoa fluori polepole, ile dawa inayofanya jino kuwa gumu mbele ya ukali wa mikrobe.

Ukija kutengenezwa jino kwa namna hii, utalala juu ya meza, kichwa chako karibu na munganga. Mara nyingi hakuna sindano. Atapanua mulango wa kitundu kwa chombo kidogo kama shoka la mutoto, kisha atakwangua uoza kwa kijiko, kwanza pembeni, halafu chini kwa uangalifu. Atasafisha kwa pamba yenye maji, na kukausha kwa pamba nyingine. Kisha atakoroga unga na maji yake, atajaza kitundu, na kukandamiza kwa kidole chenye glovu iliyopakwa vazelini. Utaumanisha meno, naye ataondoa kilichozidi. Basi. Watoto wanaoogopa sauti ya mashini hawana la kuogopa hapa, kwa maana hakuna sauti.

Lakini je, kazi hii inadumu? Ndiyo swali la haki. Jambo jipya linaweza kuonekana zuri siku ya kwanza na kuanguka siku ya pili. Kwa hiyo walilijaribu katika vijiji vya Thailand tangu mwaka 1991, na katika shule za Zimbabwe tangu mwaka 1993. Tarehe 7 Aprili 1994, siku ya afya ya dunia, Shirika la Afya la Ulimwengu lilieneza habari za ART katika inchi zote. Mwaka 2012 watafiti walikusanya hesabu za majaribio mengi, wakaona hivi: katika meno ya kudumu, vitundu vya upande mumoja vilivyozibwa kwa ART, 80 katika 100 vilikuwa bado vizuri kisha miaka 5. Katika meno ya utoto, vitundu vya upande mumoja, 93 katika 100 vilikuwa vizuri kisha miaka 2. Lakini vitundu vikubwa vya meno ya utoto, vinavyokula pande mbili ao zaidi, ni 62 tu katika 100. Unaona nini hapa? Kitundu kidogo kinazibwa na kudumu, kitundu kikubwa kinasumbua. Kukawia kwako kunapimwa kwa hesabu hizi.

Mwaka 2021 Shirika lile lilitia glasi ionoma katika orodha yake ya dawa za lazima, pamoja na dawa nyingine inayotiwa fedha na fluori ndani. Ile ya fedha inapakwa tu juu ya uoza ili kuusimamisha. Inageuza pahali pale kuwa peusi kabisa, na wazazi wengine hawapendi. Kwa gego la nyuma la mutoto muchanga anayekataa kufungua kinywa, mimi ningekubali weusi ule.

Kuna meno yasiyofaa ART, wala usimukasirikie munganga akikuambia hivyo. Jino lenye kuuma lenyewe usiku, jino lenye usaha pembeni ya ufizi, jino ambalo uoza umefika katika mishipa yake ya ndani: hayo yanataka matunzo mengine, na mara nyingi koleo. Na kuna hatari moja inayopita zote. Uvimbe wa jino ukishuka chini ya taya, ukishindwa kufungua kinywa, ukishindwa kumeza mate, ao homa ikipanda, usingoje asubuhi. Uvimbe ule unaweza kuziba pumzi na kuua mutu muzima mwenye nguvu.

Wazazi, kuna jambo lingine la meno linaloua, katika inchi yetu na za jirani. Mutoto wa miezi michache anahara na kuwa na homa, na jirani anasema ana meno ya nailoni, lazima yachimbwe. Wanapasua ufizi kwa kisu ao kwa chuma cha baiskeli na kutoa vitu vyeupe vilaini. Watafiti wamevitazama vitu vile. Ni meno ya mutoto mwenyewe, ambayo hayajawa magumu. Watoto wamekufa kwa kutoka damu na kwa mikrobe zilizoingia katika vidonda hivyo, na kuhara kwao kumebaki bila dawa. Mutoto anayehara apewe maji ya chumvi na sukari ya lopitali, aendelee kunyonya, na aletwe upesi.

Labda unafikiri kwamba kazi isiyo na mashini inaweza kufanywa na mutu yeyote mwenye kijiko cha chuma. Hapana. Mukono lazima ufundishwe kusikia mahali uoza unapoisha. Ndiyo maana wanafunzi wa ART wanaanza kwa meno yaliyong'olewa, wakiyakwangua na kuyaziba mezani, mbele ya kuruhusiwa kugusa kinywa cha mugonjwa. Kwa hiyo mutumishi wa meno akikuomba aweke jino lako ulilotolewa, usifikiri mambo ya uchawi. Litapikwa na kusafishwa, na kijana fulani atajifunza juu yake. Na mutu wa sokoni anayetengeneza meno kwa franka kidogo, mwulize alijifunza wapi, na vyombo vyake vinapikwa katika nini. Vyombo visivyopikwa vinaweza kukuletea homa ya manjano ya ini ao SIDA.

Ukisha kuzibwa jino, usile kitu kwa saa nzima. Siku ile kula vyakula vilaini, usivunje mufupa wala njugu upande ule. Jioni safisha meno kwa muswaki na dawa ya meno yenye fluori, vilevile asubuhi; kama huna muswaki, kijiti cha kusugulia meno kinafaa pia, na dawa ile unaweza kuitia juu yake. Kama kizibo kikitoka, hata kama hakuna maumivu, urudi na useme. Kinaweza kutiwa kingine. Na unapokuja, uje na watoto wako, watazamwe magego. Gego la kwanza la kudumu linaota karibu na umri wa miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, wala halichukui nafasi ya jino lingine. Kwa hiyo wazazi wengi wanadhani kwamba litaanguka, nao hawalichungi.