Mtoto ana saratani? Muulize daktari kuhusu chanjo ya homa ya mafua

Mtoto yuko kwenye matibabu ya saratani. Kaka yake anarudi kutoka shule akipiga chafya, na mama anajiuliza awatenganishe vipi ndani ya nyumba ya vyumba viwili.

Kwa mtoto mwenye afya, homa ya mafua kwa kawaida huisha yenyewe. Kwa huyu, ambaye dawa zimeshusha chembechembe nyeupe za damu, inaweza kugeuka nimonia, kumlaza wodini na kuchelewesha matibabu yake.

Chanjo ipo, lakini si kila mzazi huambiwa. Daktari wa saratani anaweza kudhani kliniki ya watoto itamweleza. Kliniki nayo ikasubiri neno la bingwa. Na kwa kuwa chanjo hii haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto hapa Tanzania, kadi ya kliniki haitakukumbusha. Basi uliza wewe.

Je, chanjo itamletea mafua? Hapana. Chanjo ya sindano haina kirusi hai. Mkono unaweza kuuma, au akapata homa kidogo kwa siku moja au mbili. Ya kuepuka ni ile ya kupuliziwa puani, kwa sababu ina virusi hai vilivyodhoofishwa.

Achanjwe lini? Ikiwezekana, wiki mbili kabla ya kuanza dawa. Kama ameshaanza, daktari wake atachagua siku kati ya mzunguko mmoja wa dawa na mwingine.

Dozi ngapi? Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8 anayechanjwa kwa mara ya kwanza hupewa mbili, zikiachana wiki nne. Baada ya hapo ni kila mwaka, maana virusi hivi hubadilika.

Na sisi wa nyumbani? Nanyi pia. Kinga ya mtoto huyu ni dhaifu, hivyo chanjo huenda isimkinge kikamilifu. Baba, mama, ndugu zake na dada wa kazi wakichanjwa, uwezekano wa mafua kumfikia unapungua.

Hata akichanjwa, kaa na kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38, usimpe dawa ya kushusha homa kisha mkalala mkisubiri asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huohuo.