Mteja kasimamisha cheki? Deni bado lipo!

Wadau, jamaa kachukua simenti ya 180,000 dukani kwako, kakuandikia cheki, halafu akapigia benki: msilipe. Hapa Kenya wengi hukimbilia polisi. Ngojeni kwanza. Kifungu cha 316A cha sheria ya jinai kinamkamata yule aliyeiagiza benki isilipe kabla hajakupa cheki. Akisimamisha baadaye, eti simenti ilikuwa imeganda, kesi ya jinai inakuwa ngumu. Lakini deni halijafutika.

Ile cheki iliyorudi, imeandikwa sababu, usimrudishie hata akiapa atakuletea keshi kesho (wengi wameliwa hapo!). Ndiyo ushahidi wako, pamoja na karatasi aliyosaini akipokea mzigo. Mwandikie haraka kwamba cheki imerudi, mpe siku za kulipa. Akinyamaza, nenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza 2021. Inapokea madai hadi shilingi milioni 1, wakili si lazima, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Ila kama simenti iliganda kweli, jiandae, maana atalisema hilo mbele ya hakimu.