Yosefu Mukasa na Maana ya Neno Shahidi

Katika Kiswahili cha Kanisa yako maneno mawili kwa jambo moja: shahidi na mfiadini. Walimu wa Katoro na wa nchi yote ya Geita huyasikia yote mawili kila mwaka ifikapo tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Yafaa tuyapime kwa maisha ya mtu mmoja, Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki wa kwanza kuuawa katika mateso ya Mwanga. Maana habari zake zimefungamana na upande huu wa kusini wa ziwa.

Neno mfiadini limeundwa kwa -fia, yaani kufa kwa ajili ya kitu, na dini. Ni neno wazi, hata mtoto wa shule hulielewa mara moja. Lakini lataja kifo tu. Shahidi ni neno la barazani: ni mtu aliyeona jambo, naye akasimama kulisema. Waarabu hulitumia kwa maana zote mbili, na watu wa pwani husema fulani amekufa shahidi. Kwa Wayunani pia, martys alikuwa shahidi wa barazani kabla neno halijaitwa kwa waliouawa. Waganda nao husema omujulizi, na huyo ndiye atoaye ushahidi.

Mukasa alikuwa mtumishi katika ikulu ya Kabaka Mutesa, kisha chini ya Mwanga akawa msimamizi wa vijana wa ikulu. Padre Lourdel alimbatiza tarehe 30 Aprili 1882. Novemba ya mwaka ule ule mapadre, wakihofia usalama wao, walitoka Buganda wakavuka ziwa mpaka Usukuma, wakakaa Kageye, kisha Bukumbi. Mtu wa Katoro aendaye Mwanza kwa njia ya Busisi, akiisha kuvuka ghuba, hayuko mbali na Bukumbi hiyo.

Basi tangu mwishoni mwa 1882 hata Julai 1885 Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na Misa wala kitubio. Mukasa, Mkristo wa miezi michache tu, aliwafundisha vijana wa ikulu. Nje ya ikulu walifundisha wengine, kama Andrea Kaggwa na Mathias Kalemba. Lourdel aliporudi alikuta kundi limeongezeka. Huo nao ni ushahidi, wala hapakuwa bado na upanga wala moto. Neno mfiadini halina mahali pa kuiweka miaka ile. Na kwa mwalimu wa kigango, aonaye padre mara chache, miaka ile ndiyo iliyo karibu naye kuliko siku ya kuuawa.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, Mwanga akatawala. Mukasa aliwaficha vijana wasitumiwe na kabaka kwa uchafu, na Askofu Hannington wa Waanglikana alipouawa Busoga, Oktoba 1885, alimlaumu Mwanga waziwazi. Tarehe 15 Novemba akakatwa kichwa, mwili wake ukachomwa moto. Husimuliwa kwamba alimtuma mwuaji kwa Mwanga na maneno haya: kwamba amemsamehe, ila atubu, asipotubu, atamshitaki mbele ya Mungu. Tazameni jinsi mambo ya barazani yalivyomfuata hata mwisho: aliyehukumiwa ndiye atakayesimama kunena.

Siku ile ile Karoli Lwanga alibatizwa, akashika kazi yake ya kuwalinda vijana, mpaka alipochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Vijana wa Kianglikana pia walichomwa huko pamoja na Wakatoliki. Wakatoliki 22 walitangazwa wenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Kwa hiyo nionavyo mimi, mfiadini lisitupwe, kwa kuwa lafaa palipo na haja ya kutaja kifo peke yake. Bali katika kusimulia maisha, shahidi litangulie.

Huko Kampala, karibu na Nakivubo, lipo soko kubwa liitwalo kwa jina la Mtakatifu Balikuddembe. Lakini wengi waendao kununua nguo za mitumba huliita Owino.