Kichocho: Kwa nini wavuvi wanaohama hupitwa na tiba

WAVUVI wanaohamahama kati ya mialo ya Ziwa Victoria, kutoka Kigongo wilayani Misungwi hadi visiwa vya Ukerewe, wamo katika hatari kubwa ya kuugua kichocho cha tumbo.

Vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wa majini, kisha hupenya ngozi ya aingiaye ziwani. Mayai yake hudhuru ini, hata mgonjwa akatapika damu.

Dawa yake, prazikwanteli, kwa miaka mingi imegawiwa zaidi shuleni. Mvuvi mtu mzima hupitwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba, penye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, wapewe wote kuanzia miaka 2.

Hata hivyo, pasipo vyoo mialoni, kinyesi hurudisha mayai ziwani, na aliyetibiwa huambukizwa tena.