Windows 7 ya HP, ya Dell, ya Toshiba: angalia mbele fundi hajafuta

Wandugu wachimbaji, na wamama wenye kushika hesabu nyumbani: kompyuta mingi za okazyo tunazouziwa hapa Kisangani zingali na Windows 7. Ni ya zamani. Microsoft iliitoa tarehe 22 Oktoba 2009, na tangu tarehe 14 Januari 2020 haiitumii tena marekebisho ya usalama. Lakini ndani yake ndimo kooperativu na biro za sendika zinaweka majina ya memba, michango na siku za kazi.

Watu wanauliza: ya HP na ya Dell, gani inashinda? Windows yenyewe ni moja. Kila kampuni ililipa ruhusa kwa Microsoft, kisha ikaongeza vyake: nembo, programu zake, na sehemu ya diski iliyofichwa. Sehemu hiyo inarudisha mashini vile ilitoka kiwandani.

Tofauti iko katika kuifungua. HP, kwa kawaida, unabonyeza F11 wakati inawaka. Acer ni Alt na F10 pamoja. Toshiba mingi, unashika 0 huku unawasha. Dell mingi, ni F8, kisha unachagua kurekebisha kompyuta. Lakini angalisho: kurudisha kunafuta vyote ulivyoandika. Nakili kwanza kwenye flashi.

Kitu cha pili ni etiketi chini ya mashini. Hiyo inapita jina la kampuni. Ikisema Starter, ujue ni ya mashini ndogo: haipiti memori ya giga 2, hata picha ya nyuma haikubali kubadilisha. Starter, Home Premium na Professional hazigeuzi Kiingereza kuwa Kifaransa bila kuweka Windows upya. Kwa zile za dukani, Ultimate peke yake inakubali. Kwa hiyo mashini iliyotoka Uingereza inaweza kumsumbua karani wetu aliyesoma Kifaransa.

Hapo fundi anasema: «Lete, nitakuwekea Ultimate.» Anafuta diski yote, anaweka kopi ya flashi yake. Sehemu iliyofichwa imekwenda, orodha imekwenda, na hakuna anayejua ndani ya kopi ile kuna nini. Mwezi wa Mei 2017 virusi WannaCry ilifunga kompyuta katika inchi mingi na kudai pesa. Zilizopatwa zaidi zilikuwa za Windows 7. Dawa ilikuwa imetoka Machi, lakini wengi hawakuiweka.

Kwetu hii si mambo ya vijana wa kompyuta tu. Mchimbaji akivunjika mguu shimoni, na orodha imepotea, ataonyesha nini kwamba alilipa mchango wake kila mwezi?

Basi, mbele ya kutoa dolari: washa mashini palepale, soma etiketi, jaribu kitufe uone kama ukurasa wa kurudisha unatokea, halafu toka bila kukubali chochote. Mashini ya orodha isiingie intaneti. Weka kopi kwenye flashi mbili, kwa watu wawili tofauti. Na kile kitabu cha karatasi, chenye sahihi za memba, kisitupwe. Umeme ukikatika, chenyewe kinasomeka.