Siku Diwani Alipogonga Geti Letu

Mpenzi msomaji, nianze na swali dogo tu, na tafadhali usichungulie simu: diwani wa kata yako anaitwa nani?

Kama umebaki unakodoa macho, karibu kwenye chama. Mimi mwenyewe, na digrii yangu ya mawasiliano, nilikaa miaka mitatu kwenye nyumba yetu huku pembezoni mwa Dar es Salaam bila kulijua jina hilo. Kikosi cha Arsenal nilikuwa nakijua chote, maana nimeolewa na mgonjwa wa Arsenal. Bei ya vigae nilikuwa naijua duka kwa duka. Lakini diwani? Nilimfahamu kama sura ya kwenye bango la uchaguzi, ile inayopauka kwa jua kwenye nguzo ya umeme.

Tulifahamiana asubuhi moja ya mvua, na hakuja kutupongeza. Nimemwomba ruhusa nisimulie. Amekubali kwa sharti moja, kwamba nisitaje jina lake wala kata. "Nimeshastaafu, mwanangu," aliniambia huku akicheka. "Sitaki zile simu zianze tena."

Ukuta wa ndoto zetu

Wewe uliyejenga, au unayejenga sasa hivi, utanielewa. Kiwanja tulikinunua kabla ya harusi. Tofali tulifyatua kidogo kidogo, tukahamia hata madirisha mengine hayajawekwa vioo. Kilichobaki ni ukuta. Mume wangu alikuwa anasema nyumba bila ukuta ni kama suti bila mkanda. Tukakopa kazini, tukajenga, tukaweka geti la chuma, tukapaka rangi. Siku fundi alipoondoka tulisimama uani tumeshikana mikono, tukajiona tumefika.

Kitu ambacho hatukukitilia maanani ni kamfereji kalikopita pembeni mwa kiwanja. Kiangazi kalikuwa kakavu kabisa, watoto wanakatumia kama njia ya kwendea shule. Fundi aliuliza, "Hapa kwenye njia ya maji tuache tundu?" Tukamwambia aendelee tu, tundu litaleta nyoka na vibaka. Kibali cha ujenzi tulikuwa nacho, tena halali. Ila kilikuwa cha nyumba. Ukuta haukuwamo kwenye ramani.

Masika ya kwanza baada ya hapo mvua ilipiga siku mbili, usiku na mchana. Sisi tulilala fofofo. Kule bondeni, maji yaliyokosa njia yake ya siku zote yaliingia kwenye vyumba viwili vya mama anayekaanga maandazi, yule yule ambaye nanunua kwake kila Jumamosi. Unga ukalowa. Magodoro yakalowa. Madaftari ya mwanawe wa darasa la saba yakawa uji.

Sikuyajua hayo hadi siku ya tatu, ilipokuja barua ya wito kutoka ofisi ya serikali ya mtaa.

Hapo sasa ndipo tulipogombana. Mume wangu akasema, "Niende nikajibu nini? Kiwanja changu, hela yangu, ukuta wangu. Wakitaka waende mahakamani." Mimi nilikuwa nimeshapita bondeni nikayaona magodoro yameanikwa juu ya bati, nikamwambia siwezi kwenda kununua maandazi kwa macho makavu. Akanijibu kwamba niko upande wa majirani kuliko upande wake. Jamani, neno lile liliniingia. Tulinuniana siku mbili nzima, tunapishana jikoni kama wapangaji.

Jumapili, saa moja asubuhi, geti likagongwa.

Mama mwenye gambuti

Nje alisimama mama wa makamo, kitenge kiunoni, mwamvuli mkononi, miguuni kavaa gambuti. Alikuwa peke yake, hana mgambo wala karani.

"Hodi wanangu. Mimi ndiye diwani wenu. Sijaja kubomoa, nimekuja kunywa chai."

Alikunywa kweli, vikombe viwili. Akauliza tumeoana lini, watu wa wapi, kazini kwema? Habari ya ukuta hakuigusa kabisa. Alipomaliza akasimama akasema, "Haya, twendeni tukampe pole jirani yenu."

Ungemwona mume wangu! Alitoka na kandambili, akafika chini tope limempanda hadi magotini. Yule mama wa maandazi alitukaribisha bila ukali wowote, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mwanawe alikuwa amechuchumaa pembeni ya jiko la mkaa, anakausha daftari la hisabati ukurasa mmoja mmoja. Mume wangu alimwangalia kwa muda. Kisha naye akachuchumaa, akaanza kumsaidia kubandua kurasa zilizogandana. Yeye ni mhasibu, ana mikono ya subira. Diwani hakusema kitu. Alitazama pembeni kama hajaona.

Usiku ule tuliongea mpaka saa nane.

Diwani hana gunia la hela

Baada ya hapo nikawa namtembelea yule mama, mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa mapenzi. Kwa kweli nilikuwa sijui lolote kuhusu kazi yake, na naamini wengi wetu hatujui.

"Watu wanadhani diwani ana gunia la hela chini ya kitanda," aliniambia siku moja tukichambua mchele. "Mbunge ana Mfuko wa Jimbo, upo kisheria tangu mwaka 2009. Diwani hana mfuko wa namna hiyo. Barabara ikiharibika wananitukana mimi. Lakini tangu Julai 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA. Maji yana mamlaka yake. Umeme una shirika lake. Mimi kazi yangu ni kusema, kufuatilia na kusumbua watu."

Nikamuuliza, sasa nguvu ya diwani iko wapi?

"Kwenye muhtasari," akajibu. Nikadhani anatania.

Akanieleza. Jambo likisemwa kwenye mkutano wa mtaa na likaandikwa, linapelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Hapo mwenyekiti ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Kutoka hapo linapanda halmashauri, kwenye Baraza la Madiwani, ambalo hukaa kila robo mwaka. "Mimi nikisimama barazani mikono mitupu, mkurugenzi ananiambia hayo ni maneno ya mtaani. Nikisimama na muhtasari wenye sahihi za wakazi, hawezi kunipita. Sasa niambie, wakazi wasipokuja mkutanoni, naandika nini?"

Yeye alianza na viti maalum, baadaye akagombea kata na kushinda. Anasema tofauti kubwa aliyoiona kwa miaka yote ile haikuwa ya vyama. Ilikuwa ya mageti.

"Wasomi wa kata yangu nilikuwa nawaona mara mbili tu: wanapotaka barua ya utambulisho ya pasipoti au ya benki, na wanapofiwa. Mna kisima chenu, mlinzi wenu, basi la shule linamfuata mtoto getini. Mmejinunulia kaserikali kenu ndani ya ukuta. Lakini mwanangu, maji ya mvua hayapigi hodi. Moshi wa taka hauna geti. Na kipindupindu hakiulizi una digrii ngapi."

Nilinyamaza. Ningejibu nini?

Alinioa mwalimu

Kwa kuwa hili ni gazeti la mahusiano, nilimuuliza na habari za nyumbani kwake. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Mume wangu alinioa mwalimu, akaamka siku moja yuko kitandani na diwani."

Simu zilikuwa zinalia saa tisa usiku: mtu amepigana na mpangaji wake, mtoto amepotea, maiti imekwama hospitali ndugu hawana hela ya gari. Sebule yao iligeuka ofisi. Mwaka wa kwanza mumewe alihama chumba. Mwaka wa pili walikaa chini wakaandikiana masharti kama wanasheria. Chakula cha Jumapili mchana simu inazimwa. Mgeni wa saa nne usiku anapokelewa na baba, si mama. Na jambo lolote linalohusu hela ya nyumbani kutoka kwenda kwa wananchi, lazima wakubaliane wote wawili.

"Diwani akisema ndiyo kwa kila mtu, mwisho wake nyumbani kunalala njaa," alisema. "Nilijifunza kusema hapana kwa kata nzima, lakini kwanza nilijifunza kumsikiliza mtu mmoja."

Nilimsimulia mume wangu maneno hayo. Tukacheka, kisha tukaacha kucheka. Maana ugomvi wetu wa ukuta ulikuwa huo huo. Kila mmoja wetu alishajenga wake.

Mkutano wetu wa kwanza

Mkutano wa mtaa ulifanyika Jumamosi kwenye darasa la shule ya msingi. Tuliketi kwenye madawati, magoti yanagusa kidevu. Katika watu wote waliokuwamo, wa nyumba za mageti tulikuwa sisi wawili tu, tena tumekuja kwa sababu tunatuhumiwa.

Mwenyekiti wa mtaa aliendesha, diwani akakaa pembeni kama mwalikwa. Mzee mmoja akapaza sauti, "Wabomolewe!" Wengine wakapiga makofi. Moyo ulinidunda. Mume wangu akasimama. Mpenzi msomaji, namjua huyu mtu tangu chuo, neno "samahani" kwake ni gumu kuliko mtihani wa bodi. Akasema, "Ndugu zangu, tumekosea. Fundi alituuliza tukapuuza. Tunaomba mtuambie tufanye nini."

Darasa likatulia. Yule mama wa maandazi akanyoosha mkono, akasema yeye hataki ukuta wa mtu ubomolewe, anataka maji yapite.

Wakazi wakakubaliana hivi: ukuta utobolewe kwenye njia ya maji na tundu liwekewe nondo, ili vibaka wasipite. Mtaro ujengwe kwa mawe kutoka kwetu hadi barabarani. Saruji na mchanga ni juu yetu, mawe na nguvu ni za wakazi wote. Na ombi la karavati barabarani liandikwe kwenye muhtasari lipande juu. Walipotafuta mtu wa kutunza hesabu za mchango, macho yote yakamgeukia mume wangu. "Si umesema wewe mhasibu?"

Unga na madaftari tulilipa wenyewe, nje ya mkutano. Hilo halikuhitaji kikao.

Mtaro tuliumaliza kwa Jumamosi nne. Karavati ilikuja baada ya bajeti mbili, wakati mama yetu ameshastaafu. Alinipigia simu kuniuliza kama ni kweli. Nikampelekea picha.

Wewe na mwenzako mwanze wapi?

Sikuandika haya ili ugombee udiwani, ingawa ukitaka, nani akuzuie? Naomba mfanye haya machache tu:

Zijueni sura. Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa na wakazi. Uchaguzi wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa. Diwani anachaguliwa siku moja na mbunge na Rais. Na mjumbe wa nyumba kumi, ambaye wengi wetu tunamwona ni serikali, ni kiongozi wa chama.

Nendeni kwenye mkutano mmoja. Mmoja tu. Ulizeni mapato na matumizi. Kama wote hamuwezi, pokezaneni: leo baba, kesho mama.

Jueni zinakokwenda hela zenu. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Unalipa, kwa nini usiulize?

Ulizieni mikopo ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi mwaka 2024. Hata kama wewe huhitaji, dada wa kazi au kijana wa bodaboda anayekupeleka kituoni anaweza kunufaika.

Na kabla ya kujenga ukuta, nendeni mkaone maji yanapita wapi. Kiangazi kinadanganya.

Naandika makala haya usiku, mvua inanyesha. Zamani mvua ikianza mume wangu alikuwa anavuta shuka. Siku hizi anachukua tochi, anatoka kwenda kuangalia kama tundu la ukuta limeziba taka. Sasa hivi namsikia nje anaongea na mtu upande wa pili wa ukuta. Nadhani ni yule kijana wa maandazi. Yuko sekondari sasa, naye katoka na tochi yake.

Tukutane toleo lijalo. Na lile swali la mwanzo, ukishapata jibu, mwambie na mwenzako.